Faili limepotea mikononi mwangu, je nitafungwa?

"Shikamoo mama. Mimi ni karani mahakama ya mwanzo, nina miezi 5 tu kazini, kabla ya hapo nilikuwa najitolea ofisi ya kata. Wiki iliyopita mahakama ya wilaya imeitisha faili la kesi ya madai ya mwaka juzi, mdaiwa aliomba akaruhusiwa kukata rufaa nje ya muda. Nimetafuta masijala (chumba cha mafaili) nzima silioni. Rejista inaonyesha hukumu ilitoka, baada ya hapo hakuna kitu. Karani niliyempokea alihamishwa, hatukukabidhiana kwa maandishi, alinipa funguo akanionyesha makabati basi. Hakimu kanipa barua niandike maelezo ndani ya siku 7. Mwenzangu wa siku nyingi anasema nichukue jalada jipya nilijaze kwa kuangalia rejista, eti ndo wanavyofanya. Na mtaani mdai anatangaza nimekula hela ya mdaiwa, kisa mdaiwa aliwahi kunitumia elfu 10 kwenye simu ya kumtolea fotokopi ya hukumu. Je nitafungwa? Nikiandika hayo maelezo si ndo nimekiri? Silali mama."

Marahaba mwanangu, pole sana. Nimekaa masijala miaka 26, 8 ya mwanzo halmashauri na iliyobaki mahakamani, na sijakutana na karani aliyemaliza miaka miwili bila kutafutwa na faili. Nasema kutafutwa na faili maana ndivyo inavyokuwa, wewe huliwazi kabisa mpaka siku linapokuulizia. Kwa hiyo hauko peke yako na sio jambo la kukukimbiza kituo, ila sitakudanganya kwamba ni dogo. Umeniuliza mambo matatu, kufungwa, maelezo, na hiyo hela, mimi nayaona manne, na hilo la nne hujaliona mwenyewe ingawa umeliandika kwa mkono wako. Nitalifikia.

Hilo la kufungwa kwanza maana ndilo linalokunyima usingizi. Faili kutoonekana kwa uzembe, kwa kuchanganywa, kwa kabati kujaa, hilo kwa kawaida linaenda njia ya nidhamu, unaulizwa, unajieleza, unaweza kupewa onyo au zaidi ya onyo. Jinai inaanza pale mtu alipoliiba, alipolificha au alipoliharibu makusudi, na hata huko lazima mtu athibitishe, mdai kupiga kelele gengeni sio ushahidi. Kwahiyo kwa ulivyonieleza hapa, wewe wa leo hujafanya kitu cha kukupeleka jela.

Wewe wa kesho ndo ninayemuogopa. Yule mwenzako anayekwambia uchukue jalada jipya ulijaze, mwanangu huyo anakupeleka kubaya, na inawezekana hata hana nia mbaya, kazoea tu. Kuandika kumbukumbu ya mahakama leo ukaipa tarehe ya mwaka juzi ni kughushi, na kughushi kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Yaani unachukua kosa la kukaripiwa unaligeuza kosa la kupandishwa kizimbani, tena kizimba kile kile ulichokuwa unakifuta vumbi asubuhi. Halafu fikiria, mwenendo, yaani yale yaliyosemwa kesi ikisikilizwa, utauandikaje? Utajuaje shahidi wa pili wa mdai alisema nini? Mdaiwa alikuwepo, mdai alikuwepo, hakimu aliyeandika yupo mahali. Siku faili lako la kutunga linasomwa kule wilayani na mdaiwa anasimama anasema mheshimiwa hayo sio niliyosema, umekwisha.

Hapo nataka nikae kidogo, maana makarani wengi tunafundishwa rejista na mihuri ila hatuambiwi kwa nini faili la mahakama ya mwanzo ni la kuogopwa kuliko hata la mahakama kubwa. Sababu ni hii. Kwenye mahakama nyingi za mwanzo hakimu bado anaandika kwa mkono, shahidi anaongea yeye anaandika, Kiswahili chetu hiki hiki, na ile karatasi ni moja tu duniani. Wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, hawapewi kopi ya ushahidi siku hiyo. Hukumu inaweza kuchapwa ikawa na nakala mbili tatu, lakini maneno ya mashahidi yamo humo tu. Sasa mtu akikata rufaa kwenda wilayani (ana siku 30 tangu uamuzi, huyo wako kapewa nafasi nje ya hizo), hakimu wa wilaya kwa kawaida haiti mashahidi upya, anasoma hizo karatasi. Faili lisipokuwepo rufaa imesimama, na aliyeshinda hawezi kufaidi ushindi wake kwa raha, na aliyeshindwa hajui kama alionewa au la. Ndo maana mdai ana hasira na wewe. Ukimuelewa hasira yake utaacha kumkwepa sokoni.

Na halmashauri ni hivyo hivyo, watu wanadhani ni mambo ya mahakama tu. Wewe umejitolea kata unajua, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha kugawa ardhi unakaa kwenye daftari moja kwa mtendaji, mtendaji anahamishwa daftari linaondoka na begi lake, miaka kumi baadaye watu wawili wanapigania shamba moja na kila mmoja anaapa kijiji ndo kilimpa. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja.

Sasa tutafute faili. Umesema umetafuta masijala nzima, nakuamini, ila kwa uzoefu wangu mtu mwenye hofu anatafuta pale pale mara nane. Faili haliyeyuki, kuna siku lilitoka mahali pake kwa sababu fulani na aliyelitoa hakuandika. Kwahiyo usiulize liko wapi, uliza lilitoka kwa shughuli gani. Baada ya hukumu faili la madai lina safari chache tu. Linaweza kwenda kuchapwa. Linaweza kutolewa kwa ajili ya maombi ya kukaza hukumu (aliyeshinda anaiomba mahakama ilazimishe hukumu itekelezwe), na hapo angalia kama kuna maombi ya wadaawa hao hao, mara nyingi faili mama linafungwa kamba pamoja na la maombi halafu linakaa chini ya namba ya maombi, na dalali wa mahakama naye muulize kama kuna karatasi zilibaki kwake. Linaweza kuwa kwa hakimu aliyekuwepo wakati ule, mahakimu wanabeba mafaili nyumbani kuandika hukumu, na nyumbani kuna watoto, kuna kuhama. Linaweza kuwa lilikwenda wilayani kwenye ukaguzi wa hakimu mfawidhi likarudi kwenye boksi ambalo halijafunguliwa. Na hili usilidharau, huyo mdaiwa aliomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda kule kule wilayani, basi nenda ukaulize kama wakati wa maombi hayo faili halikuitishwa, maana nimeona mara mbili mahakama ya juu inaitisha faili ambalo liko kwenye kabati lake yenyewe.

Ukishamaliza safari hizo rudi kwenye makabati ila sasa usitafute kwa jina. Tafuta kwa makosa. Namba 45 ikiandikwa 54. Mwaka ukikosewa. Faili jembamba likimezwa na faili nene la mirathi, hii ndo namba moja kwangu, faili za mirathi zinakula wenzake. Fungua kila jalada la mwaka ule na mwaka unaofuata, moja moja, usipapase mgongoni tu. Angalia kabati la vielelezo, angalia boksi la kesi zilizofungwa. Itakuchukua siku mbili nzima, omba mtu mwingine awepo, na andika kwenye karatasi ulipotafuta, lini, na nani alikuwepo. Hiyo karatasi utaihitaji.

Haya, la nne. Umeniambia mdaiwa alikutumia elfu 10 umtolee fotokopi ya hukumu. Ulimtolea? Na kama ulimtolea, uliitoa kwenye nini? Kama uliitoa kwenye faili, basi mwanangu faili lilikuwepo ukiwa wewe ndo karani, na ile hadithi ya kwamba karani wa zamani hakukukabidhi, ambayo najua umeshaipanga kichwani kuwa ndo ngao yako, imetoboka. Sikusemi kuwa muongo, nadhani tu hujaziunganisha hizo siku mbili. Lakini hakimu ataziunganisha, na mdaiwa ameambatanisha hiyo hukumu kwenye rufaa yake au maombi yake, tarehe ya kuthibitisha nakala itasomeka. Kama uliitoa kwenye kopi iliyokuwa kwenye kompyuta au kwenye jalada la nakala za hukumu, hilo ni jambo tofauti kabisa na ni zuri kwako. Kaa chini ukumbuke. Na kama ulibeba faili ukaenda nalo steshenari ya nje kwa sababu mashine ya ofisi ni mbovu (mashine ya ofisi siku zote ni mbovu), basi sehemu ya kwanza ya kutafuta sio makabati yako, ni kule.

Tuje kwenye maelezo. Kuandika maelezo sio kukiri. Ni kusema unachojua. Kutoandika ndo kunakuharibia, maana barua yako itasomwa bila sauti yako ndani yake. Ila soma vizuri uliyopewa, kuna barua ya kutakiwa kutoa maelezo na kuna hati ya mashtaka ya kinidhamu, ni vitu viwili. Hiyo uliyonitajia inasikika ni ya kwanza. Ikija ya pili inakuwa imetaja kosa na ina utaratibu wake, unajibu, inaweza kufuatiwa na uchunguzi ambao unasikilizwa. Na hakimu wako wa mahakama ya mwanzo anaweza kukuandikia, kukuripoti, kukununia asubuhi mpaka jioni, lakini hana mamlaka ya kukufukuza kazi. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 shughuli za utawala zina mstari wake wa watendaji wa mahakama, na ajira na nidhamu vinaishia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Upande mwingine nikwambie ukweli, una miezi 5, bado uko kwenye majaribio, kwa kawaida miezi 12, kwahiyo jambo hili linaweza kugusa kuthibitishwa kwako kazini. Ndo maana nataka maelezo yako yawe safi.

Yaandike mafupi, ukurasa mmoja na nusu unatosha. Usianze na kuomba msamaha wala kulia, wala usianze kumshambulia mwenzio aliyehama. Tarehe, kitendo, tarehe, kitendo. Kitu kama: "Niliripoti kituoni tarehe fulani. Nilipokea funguo za masijala, hapakuwa na hati ya makabidhiano wala orodha ya majalada. Jalada husika niliwahi kulishika mara moja, tarehe fulani, kwa ajili ya kutoa nakala ya hukumu. Tangu lilipoitishwa nimetafuta sehemu zifuatazo nikiwa na fulani." Kama hukuwahi kulishika, sema hivyo, ila iwe kweli. Mwisho omba jambo, hapa wengi wanakosea, wanaishia kwenye "naomba unisamehe". Omba kwamba kama jalada halitapatikana, mahakama ielekeze liundwe upya.

Kuunda upya jalada kupo, na ni tofauti kabisa na ule ushauri wa chumbani wa mwenzako. Linafanyika mchana, kwa maelekezo ya mahakama, wadaawa wote wanaitwa waje na walichonacho, hati ya madai, wito, risiti, nakala ya hukumu, hakimu aliyesikiliza anaulizwa kama ana kumbukumbu, rejista inatolewa, na jalada linaandikwa wazi kabisa kwamba hili limeundwa upya. Kilichokosekana kinasemwa kimekosekana. Mahakama ya Rufani yenyewe imeshakutana na rufaa ambazo kumbukumbu zimepotea, sio aibu ya kituo chako peke yake. Ugumu utakuwa kwenye ule ushahidi wa mkono, usipopatikana inawezekana kabisa mahakama ya wilaya ikaamuru kesi isikilizwe upya, na hapo mdai atakuchukia mara mbili, ila ni njia halali.

Elfu 10 sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ningekuwa na binti ningemwambia hivi hivi. Hela ya mahakama inalipwa kwa namba ya malipo, ile wenyewe tunaiita kontrol namba, na inatoa risiti ya serikali. Hela iliyoingia kwenye simu ya karani kutoka kwa mdaawa, hata kama kweli ilikuwa ya kopi, na mimi naamini ilikuwa ya kopi, kwa mtu wa nje haina jina lingine. Ukurasa wa hukumu kopi yake ni shilingi ngapi hapo kwenu? Hukumu ina kurasa 50? TAKUKURU wanafanya kazi kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 na hiyo sheria haijali kama ulitumiwa elfu 10 au milioni, inaangalia ulipokea kwa ajili ya nini. Kwahiyo usifute meseji. Usimpigie mdaiwa mkapange maneno. Usimrudishie kimya kimya leo, itaonekana umeshtuka. Barua ya hakimu kama imeuliza faili, jibu faili, ila ukiulizwa hela usikane, muamala una tarehe na saa. Niseme na upande wa pili, wapo watakaokushauri uitaje mwenyewe mapema kabla hujaulizwa, na kuna hoja nzuri hapo, unaonekana mkweli na unakata maneno ya mtaani. Mimi naegemea huko kama una risiti ya steshenari au mtu aliyekuona ukitoa kopi. Kama huna hata kimoja, mh, usiamue peke yako na usiamue kwa kunisoma mimi.

Hilo ni la kukaa na mtu uso kwa uso, kabla ya hizo siku 7 kuisha. Kama umejiunga na chama cha wafanyakazi, wengi serikali kuu ni TUGHE na wenzetu wa halmashauri ni TALGWU, mtafute katibu wa tawi leo, hizo ndo makato yako ya kila mwezi yanapofanya kazi. Na kwa habari ya elfu 10 muone wakili, hata kwa nusu saa, umpe barua yote na meseji zote, usimchagulie za kumuonyesha. Ukiitwa na TAKUKURU usiende ukiwa hujaongea na wakili, na usikatae kwenda. Na kama hata baada ya hayo bado hulali wala huli, mwambie mtu wa nyumbani na nenda hospitali, nimeona karani mzuri ameacha kazi kwa presha ya faili ambalo wiki ya pili lilikutwa kwenye buti la gari.

La makabidhiano nalo usiliache. Myafanye hata sasa, kuchelewa sio sababu. Ukimaliza kutafuta utakuwa umeshafungua kila jalada, basi tumia kazi hiyo hiyo, orodhesha yaliyopo na namba zinazokosekana kwenye mfuatano, mpe hakimu kopi akusainie. Nakuhakikishia litakosekana zaidi ya moja. Halafu nunua daftari gumu, chora mistari: namba ya shauri, limetoka lini, limekwenda kwa nani, sahihi yake, limerudi lini. Kila mtu asaini, hata hakimu, na akikwambia "we nipe tu nitarudisha" mwambie mheshimiwa naomba sahihi nisije nikakusumbua baadaye, kwa adabu, ukitabasamu. Mwanzo watakuona una maringo. Vituo ambavyo mfumo wa kielektroniki wa mashauri umefika kuna vitu vinajiandika vyenyewe, lakini karatasi bado ipo na bado inatembea, kwahiyo daftari lisife. Ukipata nafasi baadaye soma utunzaji wa kumbukumbu Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora au tawi lililo karibu, au nenda Lushoto kwenye chuo chetu cha mahakama, ila hayo ni ya mwakani.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa kabati lolote, nenda pale ulipotoa ile kopi. Muulize anayekaa kwenye mashine kama kuna karatasi za mahakama alizikuta akaziweka pembeni, wale hawatupi vitu vyenye muhuri, wanaogopa. Nenda na mtu. Likiwepo usilibebe kimya ukalirudishe kabatini kama vile halikutoka, mpigie hakimu ukiwa hapo hapo. Lisipokuwepo anza na zile faili za mirathi, na kama siku 7 hazitoshi andika barua ya kuomba siku za kuongeza kabla hazijaisha, upate kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Uniandikie ikishajulikana hiyo fotokopi uliitoa wapi.